Siku Mzungu wa Pikipiki Alipokunywa kwa Evarista

Kwa Evarista hapakunywewa. Kila mtu wa Nyamiaga alilijua hilo, hata watoto waliozaliwa baada ya maneno yale kuanza. Unaweza kupita njia ya kwenda Ngara mjini jua likiwaka, koo limekauka mpaka ulimi unagota, lakini mlango wake utaupita uende kuomba maji nyumba ya mbele. Na ajabu ya Mungu, hapo hapo kwake ndipo ilipopikwa rubisi tamu kuliko zote kutoka Nyakisasa hadi mpakani. Pombe ya ndizi ya kweli, si haya maji ya kusuuzia kinywa wanayotuuzia siku hizi.

Alizaliwa Kirushya, kwa mkulima wa maharage, akaolewa Nyamiaga na Idefonsi Rwekaza, mwanamume mrefu, mchache wa maneno, aliyekuwa akikanyaga ndizi za pombe huku ananong'ona rozari. Msimu huohuo shoga yake Theodosia akaolewa na Ndikuriyo, jirani wa Rwekaza, migomba kwa migomba. Hao wawili walikuwa wamechota maji pamoja tangu wakiwa na meno ya utoto. Watu wakasema wamepanga. Walipanga, ndiyo! Theodosia alimkataa mchumba wa Nyakisasa mwenye ng'ombe wake, akamngoja huyu wa Nyamiaga asiye na hata mbuzi, ili tu wasitengane.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha Evarista kupika. Ndizi zivundikwe shimoni, zimenywe, zikanyagwe pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji. Kisha unga wa mtama uliokaangwa umwagiwe humo, mtumbwi ufunikwe kwa majani ya mgomba, ulale. Kazi hiyo wanaijua wengi. Lakini mkono wa Evarista kwenye mtama ulikuwa na baraka yake, usiniulize ilitoka wapi.

Sasa, huku kwetu mgeni hapewi kibuyu hivi hivi. Mwenye nyumba hukishika kwanza, akavuta funda moja kwa mrija mbele ya macho ya mgeni, akameza, ndipo akamkabidhi. Ni kumwambia: kama kilichomo humu kinaua, kitaanza na mimi. Wasioonjeana ni mama na mwanawe, na ndugu wa tumbo moja. Mwingine yeyote, awe padri, awe mkuu wa wilaya, huonjewa. Na mtu akinywa kwako kabla hujamwonjea, basi huyo amekwambia neno kubwa kuliko yote.

Ukaja mwaka ule wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo mchana na usiku, magodoro vichwani, watoto migongoni, na vilima vya Benaco vikageuka mji wa maturubai. Chemchemi zikazidiwa na watu. Mito ikawa tope. Jioni moja Ndikuriyo alipita kwa Rwekaza, akaonjewa kama siku zote, akanywa, wakacheka, akaenda zake. Alfajiri alikuwa anatapika na kuharisha maji matupu, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshakata roho.

Kipindupindu kilikuwa kinazoa watu kule kambini. Lakini watu walisema kipindupindu ni cha wakimbizi. Kingeijuaje njia ya Nyamiaga, tena kije kuchukua mtu mmoja tu? "Jana alikunywa wapi?" mmoja akauliza pale matangani. Swali tu. Likajibiwa. Na neno likishatoka mdomoni halirudi, hata ulipigie magoti.

"Lakini alimwonjea," mtu mmoja akajaribu kutetea.

"Ah! Kuonja!" akasema Kanyange, jirani mwenye ulimi usiojua Jumapili. "Sumu inakaa kwenye ukucha. Unaonja safi, unachovya kidole, unamkabidhi mwenzio."

Theodosia hakusema kwamba Evarista ameua. Asisingiziwe. Ila hakusema pia kwamba hakuua. Alijifunga kitambaa cha msiba akanyamaza, na mjane akinyamaza katika jambo kama lile, amehukumu. Tangu hapo akikutana na Evarista njiani alisema "Tumsifu Yesu Kristo", kwa kuwa Mkatoliki hawezi kupita bila kusema, Evarista akajibu "Milele amina", kisha kila mmoja akatazama migomba ya upande wake.

Hata jumuiya ya sala, iliyokuwa ikizunguka nyumba kwa nyumba kila wiki, ikifika zamu ya Evarista iliruka. Mara mgonjwa wa kutembelewa, mara mvua. Mvua, jamani, na mbingu nyeupe!

Rwekaza hakubishana na mtu. Alichukua benchi, akaliweka ukingoni mwa njia, na kila jioni akaketi pale na kibuyu cha mkewe, akanywa mpaka tone la mwisho, wapita njia wakimwona. Maneno yake yalikuwa hayo. Watu wakasema mchawi hamli mumewe, nani atamlimia? Naye akimwona mkewe anataka kukata tamaa alimwambia, "Usiache kupika, mama Priscila. Siku ukiacha, watasema umekiri."

Kifua kilimchukua Rwekaza baada ya mvua za vuli. Watu walikuja kuzika, maana kuchimba kaburi ni wajibu, lakini kila mmoja alikuja na kichupa chake cha maji kwapani. Sufuria la ndizi na maharage alilolipika Evarista kwa ajili ya wachimba kaburi lilibaki zima, likapoa. Alilibeba peke yake hadi shambani akafukia chakula chote chini ya mgomba, na siku hiyo alilia vilio viwili, cha mume na cha kile chakula, asijue kipi kilimuuma zaidi.

Akaendelea kupika. Mtumbwi mmoja mdogo, kibuyu juu ya kigoda mbele ya mlango, mrija ndani yake, na yeye ameketi pembeni. Hakuna aliyekuja. Binti yake Priscila, aliyeolewa Biharamulo, alimsihi ahamie kwake. Mume wa Priscila ni Mwislamu, mtu mwema asiye na makuu, aliyekwisha kumjengea mama mkwe chumba. Lakini nyumbani mwake, bila shaka, pombe haipikwi. Kwa hiyo kuhama kulikuwa ni kuacha kupika, na kuliacha kaburi la Rwekaza limelala katikati ya watu wanaoamini mkewe ni muuaji. Evarista alipambana na jambo hilo siku nyingi. Mwisho akachoka. Binadamu huchoka. Alipika mtumbwi wa mwisho, akafunga mizigo yake kwenye kipande cha turubai la buluu, akasema kama hakuna wa kunywa kwake hadi Jumatatu, atapanda gari la Biharamulo.

Basi Jumapili hiyo, watu wakitoka misa, mvua imenyesha na kukatika, ukasikika mngurumo kutoka upande wa mjini. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya wakimbizi, kambi ya Lukole inapunguzwa, malori ya kuwarudisha Warundi kwao yanapita. Kwa hiyo Kanyange alipoona wazungu aliruka. "Wanakuja kuandikisha! Wanakuja kuandikisha!" Na watu wazima kabisa, waliozaliwa na kuzeeka Nyamiaga, wakaanza kujipanga mstari, wakitumaini kadi ya mgawo wa chakula.

Hawakuwa wa kuandikisha. Walikuwa wazungu watatu juu ya pikipiki kubwa zilizotapakaa tope, na nyuma yao magari mawili yenye watu wa kamera. Kwenye kona ya kwa Evarista udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama mlenda. Wawili wakapita. Wa tatu, pandikizi la mtu mwenye ndevu nyekundu, akaenda upande, pikipiki ikaenda upande wake, wakakutana mtaroni.

Watu wakakimbia kumwinua. Wenzake wawili, badala ya kumsaidia, walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mwenye kamera alimwinamia majeruhi kama anayetafuta sindano. Evarista naye alikuwa amefika, kanga mkononi, tayari kumfuta damu. Damu hakuna, tope tu; akalifuta hilo.

"Shikamoo mama," akasema kijana aliyeshuka garini. Aliitwa Derick, mzaliwa wa Ngara mjini, aliyechukuliwa na wazungu hao kuwatafsiria; amekuja nao tangu Biharamulo, walipovuka lile pori la majambazi kwa msafara wa polisi.

"Marahaba baba. Ameumia?"

"Hapana. Mkono wa klachi ndio umevunjika. Wataubadilisha hapa hapa."

"Na hawa wenzake wanaomcheka, wamegombana?"

"Hapana mama, ndiyo kazi yao. Ni kipindi cha televisheni. Huko kwao watu wanakaa nyumbani wakiwatazama hawa wanavyoendesha."

"Wanaendesha kwenda wapi?"

Derick akafikiri. "Kwenda tu."

"Na wakianguka?"

"Hapo ndipo watu wanapofurahi zaidi."

"Maskini," akasema Evarista, na huruma ile ilimtoka moyoni kabisa. Mtu na ndevu zake, ametoka Ulaya, kazi yake ni kuanguka! Akamshika mkono, akamvusha mtaro, akamkalisha kwenye benchi la Rwekaza, akaingia ndani kumletea maji ya kunawa.

Alipotoka na bakuli, yule mzungu alikuwa amekiona kibuyu juu ya kigoda. Alimwuliza Derick ni nini, Derick akajibu kwa kuwa mtu akiulizwa hujibu. Mzungu akakichukua. Evarista akaweka bakuli chini haraka, akanyoosha mkono apewe kibuyu amwonjee mgeni kama inavyotakiwa. Mzungu akadhani anasalimiwa. Akaupokea ule mkono, akautikisa kwa furaha, akatia mrija mdomoni akavuta.

"Yesu na Maria!" Kanyange akapiga ukelele. Wote wakaganda, kuku tu ndio walioendelea na mambo yao.

Alikunywa, jamani. Alivuta bila kupumua mpaka kibuyu kikakoroma, akafuta ndevu, akasema neno ambalo Derick, jasho likimtiririka, alilitafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema hajawahi kunywa kitu kizuri hivi. Anaomba kingine."

Miaka yote ile Evarista alikuwa akiomba mtu, na Mungu, kwa mizaha yake, akamletea huyu! Furaha ilimpanda, na papo hapo hofu ikaifuata. Wazungu matumbo yao ni mepesi. Je, kama huko nyuma amekula samaki aliyechacha? Kama tumbo litamkata tu kidogo, akikimbilia migombani mara moja tu, basi yeye Evarista amekwisha, hata Biharamulo habari itamtangulia. Alimjazia kibuyu cha pili. Safari hii alimwonjea, akaanza kumwomba Mama Maria kimoyomoyo alitunze tumbo la mtu huyu kama anavyotunza mayatima.

Hakuna aliyeondoka. Fundi wa wazungu alifungua, akafunga, akafungua tena, na umati ulisimama palepale, wameacha vyakula vyao majumbani. Mwenye kamera alifurahi sana. Alidhani wanapenda ufundi wa pikipiki. Kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa anaitazama pikipiki. Wote walikuwa wanatazama ndevu nyekundu. Akikohoa, umati unarudi hatua nyuma. Akiinuka kujinyoosha, wanapeana njia. Aliposhika tumbo, wanawake wakashika vichwa. Alikuwa anacheka tu, amesimuliwa kitu na mwenzake.

Hakufa. Klachi ikapona, akapanda pikipiki yake, akamwinamia Evarista mpaka chini kama anavyoinamiwa askofu, wakatoweka na mngurumo wao kuelekea bondeni. Huko kwao huenda walimwonyesha akianguka, kisha akinywa, watu wakacheka kwenye viti vyao. Sisi kipindi chenyewe hatukukiona mpaka leo.

Evarista alibaki amesimama mbele ya majirani zake, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi aliinua uso akawatazama mmoja mmoja. Wameona, aliwaza. Wenyewe, kwa macho yao.

Kanyange akasonya. "Mzungu si kipimo," akasema. "Hao wamechanjwa kila kitu. Hata nyoka akimng'ata mzungu, anayekufa ni nyoka."

Watu wakacheka. Kicheko cha nafuu, cha watu waliosimama muda mrefu na njaa inauma. Wakaanza kujikung'uta kurudi makwao. Evarista akaona aibu kuwa alikuwa ametumaini. Ndiyo, aibu, kama mtu aliyenyoosha mkono apokee, kumbe kinachotolewa si chake. Akainama kuokota bakuli la maji.

Alipoinuka, Theodosia alikuwa amesimama ndani ya ua.

Alikuwa amezeeka. Mkiwa mnatazama migomba hamwonani mnavyozeeka. Alikuwa na rozari ya misa bado mkononi, na nyuma yake watu waliokuwa wanaondoka wakasita.

"Nasikia unahama, mama Priscila," akasema.

"Kesho, mama Joan. Mizigo imefungwa."

Theodosia akasogea hatua moja. "Wakati ule mzungu anakunywa, hawa wote walikuwa wanangoja aanguke. Niliwaona. Na mimi nilikuwa nimesimama nao, nikautafuta woga moyoni mwangu, sikuuona. Nilijua haanguki. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu." Sauti ikamkatika, akaianza upya. "Mtu anayeamini uliua angeogopa, Evarista. Mimi sikuogopa. Maana yake nimekuwa nikijua siku zote."

Bakuli lilikuwa linamwagika maji kwenye miguu ya Evarista, hakulisikia.

"Maji niliyompa Ndikuriyo jioni ile niliyachota mtoni, chini ya kambi," Theodosia akasema, sasa kwa nguvu, kila mtu njiani asikie. "Chemchemi ilikuwa na foleni. Nilikuwa na haraka, sikuyachemsha. Nikisema hukuua wewe, nani ameua? Mimi! Kwa hiyo nikawaacha waseme wewe. Nimekuacha ukazika mumeo peke yako, kwa sababu ya mtungi wangu."

Ningekuwa mimi ningemfukuza. Nasema kweli, ningeshika fimbo. Miaka yote ile! Lakini Evarista aliweka bakuli chini, akaenda akamfuta shoga yake machozi kwa ncha ya kanga ileile yenye tope la mzungu, akampaka tope shavuni.

"Na sisi tulichota palepale siku ile ile," akasema. "Rwekaza aliyanywa. Mimi niliyanywa. Sote tulikuwa na haraka, Theodosia. Hukuua mtu. Kipindupindu hakikuuliza mtungi ni wa nani."

Theodosia akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko ya Ndikuriyo. Evarista akamkalisha kwenye benchi. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa analia, akaingia ndani akajaza kibuyu, akatoka nacho, akasimama mbele yake, akapeleka mrija mdomoni amwonjee.

Theodosia akaushika mkono wake.

Akakichukua kibuyu kabla Evarista hajavuta hata tone. Akakigeuzia njiani, ili Kanyange na wote waliosimama wakione vizuri, akavuta funda refu, akameza. Akavuta la pili, akameza. Hakuna aliyepiga ukelele. Kanyange alifungua mdomo, akaufunga, na waliomjua wanasema hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Kesho huendi popote," Theodosia akasema.

"Nimeshafunga mizigo."

"Tutafungua wote." Akasogea kwenye benchi, akampa nafasi, akamrudishia kibuyu, na Evarista akaketi bega kwa bega naye kama walivyokuwa wakiketi Kirushya wakingoja mitungi ijae. Kisha Theodosia akamwegemea, akauliza kwa sauti ya chini, "Nisimulie Rwekaza alivyokufa. Aliumwa sana?"

Evarista akavuta pumzi, akaanza kumsimulia tangu siku ya kwanza ya kikohozi.